Kabichi Mbili Zikija Pamoja

Wenzangu wa kanisani Mesaimeer bado wanasema Athanas alifungwa lile bao kwa sababu hakuja kuombewa. Wananiudhi. Wengine wanasema ni ushamba, eti mtu aliyetoka soko la Shinyalu barafu inamhusu nini. Hao ndio wananiudhi zaidi. Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya kioo, karibu na goli kuliko mtu mwingine yeyote, na nitaeleza nilichokiona, kisha kila mtu arudi kwake na maneno yake.

Naitwa Kwamboka. Mwaka huo wa 2015 nilikuwa nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu ndani ya jumba moja la maduka hapa Doha. Nilikodisha viatu vya barafu, vile vyenye kisu chini ya soli. Unampa mtu saizi yake, unapokea viatu vyake vinavyonuka, unavipanga. Kabla ya hapo nilikuwa yaya kwenye nyumba za Waarabu kwa miaka mingi, na huko ndiko nilikookota Kiarabu cha jikoni na sebuleni, kile cha kugombezwa na kile cha kubembeleza. Kiarabu hicho ndicho kilichoniingiza katika mambo haya.

Athanas tulifanya kazi pamoja. Yeye alifagia barafu iliyochimbuliwa na viatu, akabeba magoli, akaokota visahani. Kisahani ndio mpira wao katika hoki ya barafu: kipande bapa cha mpira mweusi, kigumu kama jiwe, wanakipiga kwa magongo marefu na kinaruka kwa kasi ya kuua mtu. Siku moja ya mazoezi kisahani kilivuka juu ya kioo kikimwelekea mama mmoja wa Kifilipino aliyempakata mtoto. Athanas alikuwa anapita na ndoo mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akakidaka, mkono mtupu, akakitia ndani ya ndoo na kuendelea na safari yake.

"We mla kuku," nilimtania, ndivyo tunavyowatania watu wa kwao, "huo mkono haujavunjika?"

"Hii nayo ni kitu? Si ungeona kabichi za Mama."

Mamake alikuwa mchuuzi wa kabichi. Lori likifika sokoni, mmoja husimama juu ya mzigo akirusha, mwingine husimama chini akidaka na kupanga. Kabichi ikigusa chini hupasuka, na iliyopasuka hainunuliki. Basi Athanas alikua akidaka kabichi kwa mikono, kwa kifua, kwa tumbo, kwa paja, na wa kurusha alikuwa mamake mwenyewe, Mama Loice, mwanamke asiyengoja mtu ajiandae. Ukisikia "Daka!" ujue kabichi iko hewani tayari. Alikuwa na sheria moja tu. Kabichi mbili zikija pamoja na huwezi zote, chagua mwenyewe ile ya kuachia. Ukisita, utazikosa zote mbili.

Aliyeona ule mdako ni Jassim, nahodha wa timu iliyofanya mazoezi pale. Alikuwa kijana wa Kiqatari aliyependa hoki kuliko chakula, na timu yake haikuwa imewahi kushinda kombe lolote. Babake, Abu Jassim, ndiye aliyekuwa kafili wetu, yaani mdhamini aliyetuleta nchini. Pasipoti zetu zilikaa ofisini kwake, na bila yeye kukubali upewe khuruj, ruhusa ya kutoka, huwezi kupanda ndege. Wakati huo kipa wao, Mkanada, alikuwa amehamishwa kazi. Jassim akamvika Athanas zile pedi nene za miguuni, akamfunga kamba moja moja kwa mikono yake, akamsukuma golini.

Kocha wao alikuwa Mfini mmoja mkimya anaitwa Pekka. Alijaribu kumfundisha mtindo wa heshima wanaouita kipepeo: kisahani kikija chini, kipa anaangukia magoti, miguu inafunguka pande zote mbili na goli linazibwa kwa chini. Ni mtindo mzuri, unapendeza macho. Athanas ulimshinda. Kwanza kuteleza kwenyewe alikuwa anateleza kama bata. Pili, mwili wake ulikuwa na shule yake. Akimwona mpigaji anakuja, hangoji golini. Anatoka na kumrukia, mikono na miguu ameitanua kama anataka kukumbatia lori. Mara alale ubavu arundike mguu juu ya mguu, kisahani kigonge hapo. Mara akidake kwa kwapa. Siku moja alikibana kati ya kidevu cha helmeti na kifua, na Kocha Pekka akaketi palepale kwenye barafu akashika kichwa. Mimi niliipa mitindo yake majina. Kulikuwa na "kuku amefunika mayai" na "mlevi mlangoni". Alikuwa akinisikia kutoka golini na kucheka.

Mwishowe kocha aliacha kubishana na mwili ule. Akamwomba jambo moja tu. "Ukiruka hivyo, katikati ya miguu panabaki wazi. Shusha gongo lako hapo, liwe mlango." Athanas akashusha. Nilimtazama tangu majira ya mashindano yalipoanza, akiruka, akilala, akibingirika, na hata siku moja sikuona ule mlango umesahauliwa wazi.

Kisha Loice, dada yake mkubwa, akapiga simu kutoka nyumbani. Ini la mama lilikuwa limeharibika. Hospitali walikuwa wamemtazama, wakatikisa kichwa, wakamrudisha kwake akae na watu wake. "Haulizi dawa tena," Loice alisema. "Anauliza wewe."

Athanas akaenda ofisini kuomba khuruj. Huko kulikuwa na mandubi, mtu anayeshughulikia karatasi za wafanyakazi, ambaye hutamka hapana kabla hujamaliza salamu. Mkataba haujaisha, alimwambia. Mafi khuruj, hakuna ruhusa. Athanas akarudi tena kesho yake. Akarudi akiwa amevaa shati la kanisani. Akarudi na picha ya mamake kwenye simu, na mandubi akasema kila mtu ana mama.

Nimewaona watu wakiteseka katika nchi hii, lakini ile ya Athanas ilinishinda kuitazama. Walioishi naye chumba kimoja kule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud waliniambia anaketi kitandani amevaa viatu, kama mtu anayengoja gari. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Loice alikuwa akimwekea mama simu sikioni, naye Athanas anasema, "Nakuja Mama, nakuja," mpaka siku moja Mama Loice akajibu, kwa sauti iliyokwisha kuwa pumzi tu, "Unakuja na lori gani hilo lisilofika?" Alinisimulia hayo kaunta huku anapanga viatu vya watoto, akavipanga vyote kinyume, kushoto kulia na kulia kushoto.

Wazo la kumfikia kafili mwenyewe lilikuwa langu. Nimelala katika nyumba zao, nawajua. Mtu mkubwa akiwa ofisini ana mlango, na mlango una mandubi. Lakini mtu yuleyule ukimpata ameketi na wenzake, kahawa mkononi, ukamwomba jambo la haki mbele ya watu, hawezi kukurudisha mikono mitupu. Aibu ingekuwa yake. Ndio desturi yao, na ni desturi nzuri; niliona yaya mmoja akipelekwa Makka kwa njia hiyo.

Fainali ilikuwa inakuja, na Abu Jassim alikuwa ameahidi kuja kumtazama mwanawe.

"Mkishinda," nilimwambia Athanas, "atashuka kuwapa mkono mmoja mmoja. Akikushika mkono, usiachie. Mimi nitakuwa hapo nyuma yako, nitasema yote."

"Na tukishindwa?"

"Mkishindwa anapanda gari lake anaenda kuswali. Kwa hivyo usinishindwe, tafadhali."

Mechi ilikuwa Ijumaa asubuhi, maduka bado yamefungwa. Athanas alifika macho mekundu. Loice alikuwa amepiga alfajiri kusema mama amekataa hata uji. "Kwamboka," akaniambia, "wiki ijayo sitamkuta. Ni leo." Nilimkaza zile pedi.

Wapinzani walikuwa wahandisi wa gesi, Wakanada na Waswidi, watu waliojua barafu kabla ya kujua kusoma. Nahodha wao nilikuwa nimempa jina la Jokofu kwa sababu ya mabega. Upande wa pili wa uwanja waliweka makochi na zulia, birika la kahawa na tende, na hapo akaketi Abu Jassim na marafiki zake kwa kanzu nyeupe, kama wako nyumbani.

Sijui niseme nini kuhusu vipindi viwili vya kwanza kati ya vitatu. Athanas hakuwa anacheza, alikuwa anaomba kwa mwili mzima. Jokofu alipiga kisahani cha chini, Athanas akalala ubavu, miguu ikarundikana, kikagonga na kurudi. Kikaja kingine papo hapo, bado amelala, akainua mguu kama mtu anayesukuma mlango kwa kisigino. Kikaja cha juu, akakidaka kwa mkono wa kinyume, mgongo umewageukia. Mara moja alipoteza gongo, akajitupa kifudifudi juu ya kisahani na watu wawili wakamwangukia, na alipoinuka, kisahani kilikuwa kwapani. Bao walilomfunga lilimgonga mwenzake kwanza likabadilisha njia. Jassim akasawazisha. Wakaenda mapumziko ya mwisho wakiwa bao moja kwa moja.

Hapo ndipo mandubi alipokuja mbio kaunta kwangu. "Wewe mwenye Kiarabu, njoo. Baba, kafili mwenyewe, anamtaka kipa."

Nikakimbia kumwita Athanas. Sikungoja ushindi, ushindi ulikuwa umetufuata! Athanas akatembea juu ya mazulia ya mpira na pedi zake, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya makochi.

"Huyu nimemleta mimi?" Abu Jassim alikuwa anawauliza wenzake, anacheka. "Nimemleta kufagia? Wallahi nilikuwa na dhahabu nikaifagilia vumbi!" Wote wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo makusudi, maana ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Nikaanza kwa maneno yao ya heshima. "Baba, ewe wa umri mrefu, kipa ana ombi."

"Aseme. Leo hanyimwi kitu."

Athanas alikuwa amejifunza hotuba ndefu, lakini akasema maneno machache tu. "Mama yangu anakufa. Naomba niende nimwone." Nikatafsiri. Nikaongeza la kwangu, kwamba atarudi, kwamba mimi nabaki hapa kama rehani yake.

Abu Jassim akaweka kikombe chini. Macho yake yalilowa, niliyaona. "Mama," akasema. "Pepo iko chini ya nyayo za mama." Wenzake wakaitikia. Kisha uso ukamng'aa. "Basi aletwe! Mama yake aletwe hapa Doha. Ndege juu yangu, hospitali juu yangu, chumba bora kabisa, madaktari wakubwa. Huyu haendi popote, mwezi ujao tuna mashindano Abu Dhabi. Mama ataketi hapa, kwenye kochi langu, amwone mwanawe."

Wakapiga makofi. Jassim alitoka kwenye benchi akaja kumbusu babake kwenye paji la uso. Mzee mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Baba," nikasema, "mama yake hawezi kusafiri. Hata kugeuka kitandani..."

Mandubi akanibana kiwiko mpaka nikasikia mfupa. "Mwambie ashukuru," akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa. "Unataka kumrudishia Baba zawadi yake mbele ya watu?"

Na hapo nikaona nilichokifanya. Aombwaye mbele za watu hawezi kukataa, ndiyo. Lakini na apewaye mbele za watu hawezi kukataa pia. Hilo sikulifikiria.

"Amesema nini?" Athanas aliniuliza. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka kwa sababu ya yale makofi. Mungu anisamehe, ilibidi nimwambie.

"Mama," akasema taratibu. "Kwa ndege." Kisha akainamisha kichwa mbele ya wale wazee, akasema "Shukran", tukaondoka.

Njiani kurudi akanishika mkono. "Kwamboka, mweleze tena."

"Nitamweleza vipi? Umeona vile huyo mandubi amenifanya?"

"Tukishinda si atashuka? Nitamwomba tena."

Hasira zikanipanda. Zilikuwa za mandubi, na za Abu Jassim na wema wake, na za mimi mwenyewe na ujuaji wangu, lakini aliyekuwa karibu ni Athanas. "Mkishinda? Mkishinda hutoki hapa mpaka uote mvi! Hawa wanakung'ang'ania kwa sababu unadaka. Ungekuwa hufai, wangekutupa kesho asubuhi kama kiatu kilichovunjika kisu!"

Sikuwa natoa ushauri. Nilikuwa nalia kwa mdomo, ndivyo nilivyo. Athanas alisimama akanitazama. Kisha akashusha kinyago cha helmeti, vyuma vikaficha macho.

"Zimekuja mbili," akasema, akaingia kwenye barafu.

Nilibaki nikijiuliza mbili gani. Nilipoikumbuka sheria ya Mama Loice, nikashikilia kioo.

Kipindi cha tatu kilianza, na mwanzoni niliona jambo ambalo sitalisahau. Mswidi mmoja alipiga kisahani cha polepole, cha mtoto, kikija upande wa kushoto. Athanas hakwenda. Aliugeuza mwili pembeni kama anayempisha mtu njiani. Lakini mguu wa kushoto ulimtoroka. Ulichomoka wenyewe nyuma yake, ukakinyanyua kisahani kwa ncha ya kiatu kikapita juu ya goli. Watu waliruka. Waliona maajabu, kipa anayezuia bila kutazama. Abu Jassim alisimama akipiga makofi juu ya kichwa chake. Nami nikaona mabega ya Athanas yameshuka, kwa sababu mwili aliolelewa nao ulikuwa umekataa kumtii, na yale makofi yalimsogeza mbali na kitanda cha mama.

Ikatokea tena. Kisahani kikapenya watu, akachelewa makusudi, na mkono ukaenda. Nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini. Nilikuwa nasema tu, "Bwana, Bwana," na pumzi yangu inafanya ukungu kwenye kioo.

Dakika za mwisho Jokofu alipata kisahani katikati ya uwanja, na mbele yake hapakuwa na mtu ila Athanas. Jassim alikuwa anamkimbiza nyuma, amechelewa, anapiga kelele jina la kipa wake. "Atanas! Atanas!" Athanas akatoka golini kwa mwendo wake wa bata. Jokofu akainua gongo. Athanas akaruka, mikono na miguu ikatanuka, ule mtindo wake wenyewe wa kulikumbatia lori, mzuri kuliko siku zote. Na lile gongo lake halikushuka. Lilibaki juu kidogo, kiasi cha kiganja cha mkono. Mlango ulikuwa wazi.

Kabichi ikianguka kwenye saruji hutoa mlio mzito, usio na mwangwi. Ndio niliousikia kisahani kilipogonga nyuma ya goli.

Athanas alibaki amelala kifudifudi juu ya barafu. Watu walidhani amechoka. Kengele ya mwisho ililia bado yuko hapo, na wahandisi wakarukiana, na Jassim akaketi kwenye benchi akavuta fulana ya timu akafunika uso, mabega yanapanda na kushuka. Jassim yule hakuwa amemkosea mtu.

Kocha Pekka alikuwa wa kwanza kufika golini. Alimtazama Athanas. Akalitazama gongo mahali lilipoangukia. Kisha akamtazama tena Athanas, na nikajua anajua. Yeye ndiye aliyeufundisha ule mlango. Nilingoja. Neno moja lake lingetosha. Kumfungisha mwana wa kafili mbele ya baba yake kwa makusudi ni usaliti, na usaliti una jela yake. Mfini yule, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akageukia makochi na kufoka uwanja mzima usikie: "Nilisema tangu siku ya kwanza! Mtindo huu wa kichaa utatuponza!" Akatupa kofia chini, akaondoka. Mpaka leo namwombea huyo mtu.

Abu Jassim aliinuka, akajitengeneza kilemba. Hakushuka kumpa mtu mkono. Alisema na mandubi kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimejisogeza nisikie. "Akili ya huyo mfagiaji iko kwa mama yake. Mpeni khuruj nihai. Aende."

Khuruj nihai ni ile ya kutoka moja kwa moja. Viza inafutwa, unaondoka na hurudi. Habari za ndege ya mama na chumba bora hazikutajwa tena. Zile zilikuwa zawadi za kipa.

Kesho yake Jassim alikuja kaunta kwangu, macho yamevimba, hakuja kuchukua viatu. "Mwambie si kosa lake," akasema. "Mwambie bila yeye tusingefika fainali. Mimi siwezi kwenda, nitalia tena." Nikamwambia nitamfikishia. Sikuweza kumtazama usoni.

Athanas nilimkuta uwanja wa ndege jioni ileile, nilishuka teksi mbio kutoka kwangu Al Thumama nikiogopa ameshaingia ndani. Dereva wa ofisi alikuwa amesimama kando yake na pasipoti mkononi, kama anamchunga mwizi. Nikampa maneno ya Jassim yote, sikupunguza.

Akaketi juu ya begi lake. "Huyo kijana alinifunga zile pedi kwa mikono yake," akasema. Akalia, mbele ya watu wote na mikokoteni yao.

"Atapata kombe lingine," nikamwambia. "Baba yake ana uwanja."

"Na mimi?"

Watoto wa Loice walikuwa wanasoma kwa mkono wa Athanas, na Doha ilikuwa imemfungia mlango. Na barafu je? Alikuwa ameipenda, mtu wa Shinyalu, nani angeamini? Huko kwao angeikuta wapi tena?

"Mwili ulikataa, Kwamboka," akasema. "Ile ya kwanza niliiacha, mguu ukaifuata. Ya pili hivyo hivyo. Ile ya mwisho ilibidi nifumbe macho." Dereva akaita. Athanas akajifuta kwa kiganja, akasimama. "Usiwaambie." Nikamwambia sitawaambia. Nimenyamaza miaka, mpaka Jassim alipochukua kombe lake na mimi mwenyewe nilipoacha kazi ile.

Loice ndiye aliyenipigia kunieleza yaliyofuata. Mama yao alipata siku chache na mwanawe, si nyingi. Lakini aliyotaka hasa kunisimulia ni ya ile saa Athanas alipofika. Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Mama Loice alikuwa amelala kando ya ukuta, hasemi na mtu tangu juzi. Kwenye kiti karibu na mto palikuwa na sahani ya machenza ambayo watu walimletea na hakuweza kuyala.

Athanas akasimama mlangoni, begi bado begani. Mama akayageuza macho akamwona. Kisha mkono wake ukaanza kutambaa kwenda kwenye sahani, polepole, na hakuna aliyeelewa anataka nini. Loice akataka kumsaidia, mama akakataa kwa macho. Akashika chenza moja. Akauinua mkono juu kidogo ya blanketi.

"Daka," midomo yake ikasema.

Chenza halikuruka. Lilimponyoka vidoleni, likabingirika juu ya blanketi, likafika ukingoni mwa kitanda na kuanguka. Loice anasema hakuona Athanas amefikaje pale kutoka mlangoni. Alimwona tu amelala ubavu juu ya sakafu ya saruji na jaketi lake la Doha, mguu juu ya mguu, na chenza liko kwenye kiganja chake, halijagusa chini.